Tangi la Tano

"Koki ya tangi la tano! Fungua!" sauti ilifoka kwenye simu. "Unangoja nini?"

Dada Yun alikuwa ameibana simu kati ya sikio na bega, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imelowa. King'ora kilikuwa kinalia juu ya kichwa chake, na mshale wa geji ulikuwa umeshavuka mstari mwekundu, ukatetemeka hukohuko kama mtu mwenye homa. Mirija ya kauri, roho ya ile mashine mpya ambayo Tajiri Hung aliizindua kwa fataki na utepe, ilikuwa imeziba kwa mafuta. Isiposukumiwa maji kinyumenyume upesi, ingepasuka.

"Tano?" aliuliza. "Injinia, tano si ndilo la mafuta?"

"Nani kaichora mashine hii, mimi au wewe?"

"Wewe, Injinia."

"Basi tano! Fungua, mama, fungua!"

Akafungua.

Tusimhukumu haraka, waliomhukumu wanatosha. Kiwanda cha Hung ni cha skrubu, kama nusu ya viwanda vya mji wa Gangshan, na skrubu haitoki mashineni ila imeogeshwa mafuta. Mafuta hayo lazima yaoshwe, na maji ya kuoshea hubaki meusi na yananuka. Zamani yalikwenda mtaroni, usiku usiku, mpaka wenye mashamba ya mpunga wakaja getini na ndoo zao, serikali nayo ikaja nyuma yao. Ndipo Tajiri akanunua mashine. Kazi yake ukiitazama ni ndogo: maji machafu yanasukumwa ndani ya mirija myeupe yenye vitundu ambavyo jicho halivioni. Maji yanapenya, mafuta yanabaki. Maji yanarudi kuosha skrubu nyingine, mafuta yanangoja gari la mnunuzi. Dada Yun, aliyekuwa amekaa miaka mingi akiunguzwa na mvuke wa mabeseni ya kuoshea, alipewa mashine hiyo ailee, na kwa kweli aliipenda. Kila asubuhi alikinga maji yaliyotoka upande wa pili kwenye glasi, akayainua juani. Alishangaa kila siku kama vile ni siku ya kwanza.

Sasa, mtu aliyejifunza mashine kwa wiki chache atabishana vipi na aliyeichora? Tena alipokuwa akiizungusha ile koki alijipa jibu mwenyewe. Ulimbo wa fenesi ukiganda kwenye kisu hauoshwi kwa maji, unapakwa mafuta, unatoka. Labda na huku ni hivyohivyo, alijiambia, mafuta yaliyoganda hutolewa na mafuta wenzake. Wasomi wana mambo yao.

Kwenye kile kipande cha bomba cha kioo, mahali ambapo siku zote alikuwa akiona maji safi yakipita, kilipita kitu cha rangi ya chai ya rangi iliyochemshwa mara tatu. Kikaendelea kupita. Alipiga ukelele, akaifunga koki kwa mikono miwili, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na mafuta yakishaingia ndani ya kauri kwa upande wa maji safi ndiyo basi tena. Yeye na mwenzake Thoa, mwanamke wa Kivietinamu aliyekuwa amekimbilia mpira wa maji wakati koki inafunguliwa, waliiloweka mirija kwenye soda kali, wakaisuuza, wakailoweka tena. Ilitoka imejaa madoa ya kahawia kama meno ya mla tambuu.

Injinia Shih alikuja na treni kutoka kaskazini. Alikuwa kijana mrefu, mpole kuliko sauti yake ya simuni, na hakuwa na hasira hata kidogo alipofika. Alikwenda moja kwa moja kwenye safu ya matangi, akaanza kuhesabu kwa kidole namba kubwa zilizopakwa rangi ya buluu.

"Moja. Mbili. Tatu. Ta..." Kidole kikasimama hewani. "La nne liko wapi?"

"Shhh!" Tajiri Hung aliruka kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. "Neno hilo halitajwi kiwandani kwangu!"

Neno lenyewe, kwa lugha yao, limepishana kidogo tu na neno la kifo, na nyumba za watu wengi hulikwepa kama mtu anavyokwepa kaburi njiani.

"Tajiri, mchoro wangu una matangi sita. Moja mpaka sita. La tano ni la maji safi."

"Na yangu ni sita vilevile. Hesabu."

"Lakini la mwisho limeandikwa saba!"

"Limeandikwa saba, ndiyo. Marehemu baba hakuwahi kuwa na mashine yenye namba ile, wala chumba, wala gari. Na kiwanda hiki hakijawahi kuungua."

Injinia alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Hospitalini, sawa. Hotelini, sawa. Lakini matangi, Tajiri? Matangi nayo yanaogopa kufa?"

Thoa alicheka kwa pua, akageuka haraka kufungua mfereji ambao haukuhitaji kufunguliwa. Dada Yun naye alihisi kifua kikimfunguka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kumbe ndiyo hivyo! Injinia kasema tano akimaanisha maji. Tajiri kaandika tano kwenye mafuta. Yeye katikati alisikia tano, akaona tano, akafungua tano. Hata kicheko kilimjia. Kila mtu ameona, alifikiri, wakubwa wawili hawa wataona haya, watagawana hasara, na mimi nitarudi kwenye glasi yangu ya asubuhi.

Maskini Yun. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia fahali hao wakipatana wanalala wapi.

Waliitana ofisini, wakafunga mlango, na ile birika ndogo ya chai ikaenda ikirudi mpaka jua likahamia dirisha la pili. Kisha Dada Yun akaitwa. Hilo peke yake lilitosha kumtia wasiwasi, maana katika miaka yake yote pale hakuwahi kuketi kwenye kile kiti cha mbao ya thamani wanachokalia wanunuzi. Tajiri mwenyewe alimmiminia chai.

"Kunywa, Dada Yun. Chai ya mlimani hii."

Alikunywa. Kikombe kilikuwa kidogo kama kifuniko cha chupa.

"Wewe ni mtu wa nyumbani hapa," Tajiri alianza. "Bila wewe kiwanda hiki kingekuwa nini? Mke wangu kila siku anasema, mfano wa mfanyakazi ni Yun."

Alipoona anavishwa kilemba cha ukoka, Dada Yun alikiweka kikombe chini. "Tajiri, sema tu."

Tajiri alimtazama Injinia. Injinia aliitazama birika.

"Ni hivi. Bima inalipa mirija kama ni kosa la mfanyakazi. Kosa la mchoro, hailipi. Kosa la... rangi, hailipi. Unaona? Ukisema ulikosea kuhesabu, mambo yote yamekwisha. Hufukuzwi, hukatwi chochote. Siku ya karamu ya kufunga mwaka utasimama kidogo, utasema mbele ya watu, 'Nilikosea kuhesabu, naomba radhi,' tutapiga makofi, tutakula."

"Mbele ya watu kwa nini?"

"Wafanyakazi wananong'ona. Wanasema mambo ya namba. Mwenye kiwanda akichekwa na watu wake, kesho atatawala nini?"

"Lakini mimi sikukosea kuhesabu."

"Najua."

Lile "najua" ndilo lililomchoma. Kama wangekuwa wanaamini kweli amekosea, angeweza kuvumilia. Watu hukosea hata katika kulaumu. Hawa walijua. Walikuwa wameketi na ukweli wote mezani, katikati ya vikombe, na walikuwa wanamwomba auchukue akautupe kama mtu anayetumwa kumwaga makapi ya chai.

"Injinia," alisema, "wewe si nilikuuliza? Nilikuuliza, tano si ndilo la mafuta?"

Masikio ya Injinia yaligeuka mekundu. "King'ora kilikuwa kinalia sana, Dada. Sikusikia vizuri."

"Ulinijibu!"

"Basi," Tajiri aliingilia, na sauti yake ikapoteza sukari. "Sikulazimishi. Hutaki, kuna Thoa. Alikuwepo. Mgeni, namba zetu hazijui vizuri, mkataba wake unaisha mwezi wa tatu. Nitasema ni yeye, atarudi kwao. Chagua."

Dada Yun aliondoka bila kuaga, na mtu wa Gangshan kuondoka kwa mkubwa wake bila kuaga si jambo dogo.

Hasira zilimshika akiwa kwenye ngazi, zikamkalia wiki nzima. Alizila na wali, alizilalia. Kuhesabu! Wangechagua kosa jingine lolote: uzembe, usingizi, kiburi. Yeye alizaliwa kwenye nyumba ambayo sakafu yake ilikuwa skrubu. Mama yake alichukua kazi za viwandani za kufunga pakiti, na watoto wakitoka shuleni walikaa chini kuhesabu, mpaka yeye akaacha shule kabisa, akabaki kuhesabu tu. Kiganja chake kilikuwa kimejua mia. Alichota, akamimina kwenye pakiti, na mnunuzi akipima kwenye mizani hakuna iliyopungua. Mambo mengine hakuyajua, na hakudai kuyajua. Hilo moja alilijua, na hilo hilo ndilo walilotaka alikane kwenye maiki.

Alimwambia Thoa walipokuwa wakisugua matangi. Hakutaka kumwambia, ila Thoa alimbana.

"Useme tu, Dada," Thoa alisema. "Maneno ni upepo."

"Upepo wa nani? Wewe ungesema?"

"Mimi nina watoto wawili wanaokula kwa mikono hii. Ningesema mimi ndiye niliyezamisha meli."

Dada Yun alicheka, halafu akajisikia vibaya kwa kucheka. "Basi nitasema."

"Usiseme kwa ajili yangu."

"Kwa ajili ya nani, sasa? Ya Tajiri?"

Thoa aliendelea kusugua mahali palepale palipokwisha takata.

Siku ya karamu turubai la mistari lilitandazwa uani, kati ya karakana na yale matangi. Tangu asubuhi mungu wa ardhi alikuwa ameshapewa ubani, matunda na nyama yake. Wapishi wa kukodi walikuwa wakipika kwenye majiko ya gesi, na harufu ya supu ya mbuzi na pilipili ya maharage ilizunguka mpaka barabarani. Meza nazo zilikuwa na namba: moja, mbili, tatu, tano. Waoshaji walipewa ya tano. Wakaketi, na ukitaka kujua, walikuwa wameketi ya nne, wakanywa soda zao na hakuna aliyedondoka.

Dada Yun alikuwa amevaa blauzi yake ya maua. Maneno aliyotakiwa kuyasema alikuwa ameyarudia njiani juu ya pikipiki, chini ya barakoa, na yalimtoka vizuri. Alikuwa ameamua. Mtu akishaamua kumeza shubiri huwa anataka kijiko kije upesi.

Kilichokuja ni kuku.

Alikuwa kuku mzima, wa kuchemshwa, ameketi kwenye sahani na shingo yake imenyooshwa, kichwa juu. Mzee Ke, fundi wa tanuri, aliyekuwa meza moja nao, alishusha glasi yake.

"Eh! Kichwa kimerudi?"

"Kichwa kina nini, mzee?" Thoa aliuliza.

"Huko kwenu hamna? Karamu ya mwaka, kuku akikuelekezea mdomo, mwakani hupo. Ndivyo matajiri wa zamani walivyokuwa wanafukuza watu bila kufungua kinywa. Hapa kuku analetwa bila kichwa tangu enzi za baba yake Hung. Alisema mtu aliyekuja kula asinyimwe hamu."

Mhudumu aliiweka sahani, akaizungusha kidogo, akatazama upande wa meza kuu, akaizungusha tena kidogo. Mdomo wa kuku ukatulia ukimtazama Dada Yun. Mke wa Tajiri, kule meza kuu, aliinamia bakuli lake.

Dada Yun alimtazama yule kuku, macho kwa macho. Kwa hiyo hata neno lake hawakuliamini. Amekubali kuvuliwa heshima yake mchana kweupe, na bado wameona wamwekee mjeledi mezani asije akasahau, tena wakamtumia mfu, mnyama asiye na kosa, kumsemea Tajiri kile ambacho Tajiri hakuwa na ubavu wa kukisema. Kitu ndani yake, kilichokuwa kimejikunja tangu ile siku ya chai, kikanyooka.

"Ndugu zangu!" Tajiri Hung alikuwa ameshashika maiki, ile ya kuimbia, na uso wake uling'aa kwa bia. Alishukuru, akasifu, akasimulia mwaka ulivyokuwa mgumu. "Na sasa Dada Yun wetu ana neno moja dogo. Tumsikilize halafu tule, supu isipoe!"

Walimpigia makofi. Alitembea kati ya meza, akaipokea maiki kwa mikono miwili kama inavyopasa, akainama kidogo.

"Mnanijua," alisema, na kuisikia sauti yake imekuwa kubwa hivyo kulimshtua. "Mimi ni Tsai Pao-yun, muoshaji. Nimeambiwa nije niseme hapa kwamba sijui kuhesabu."

Watu walicheka, si kwa ubaya. Mtu wa kiganja cha mia!

"Basi nitahesabu. Nikikosea mnisahihishe." Aligeuka nyuma, akanyoosha mkono kwenye matangi, yaliyokuwa yakimetameta juani nje ya turubai. "Moja."

"Moja!" vijana wa karakana waliitikia, wakidhani ni mchezo.

"Mbili."

"Mbili!"

"Dada Yun," Tajiri alinong'ona huku anatabasamu na meno yote, "inatosha."

"Tatu."

"Tatu!"

"Nne."

Hakuna aliyeitikia. Spika ziliipokea ile sauti, zikaipeleka juu ya paa za bati mpaka kiwanda cha jirani, siku ya karamu ya kufunga mwaka, mbele ya ubani uliokuwa bado unafuka. Bibi mmoja alitema mate chini mara tatu. Mke wa Tajiri alimziba mjukuu wake masikio, amechelewa.

"Lile pale ni la nne," Dada Yun aliendelea, na sasa sauti ilikuwa inamtetemeka, lakini kwa hasira, na hakujali nani anaisikia. "Limeandikwa tano, lakini ni la nne, na lilikuwa la nne siku lililoletwa. Ndani yake kuna mafuta. Linalofuata ndilo la tano, la maji. Injinia alisema tano. Nikamuuliza. Akaniambia tano. Nilifungua lililoandikwa tano. Thoa hakugusa kitu, alikuwa amefuata mpira. Mimi ni mnyonge, mnyongeni, lakini hesabu yangu iko sawa, na Tajiri anajua iko sawa, maana aliniambia mwenyewe tukinywa chai." Alitafuta kama kuna lililobaki. "Basi. Kuleni."

Alimrudishia Tajiri maiki kwa mikono miwili. Tajiri aliipokea, kwa mazoea tu, na mkono wake ukabaki umeinuliwa, hajui aipeleke mdomoni au aishushe. Ilikuwa haijazimwa. Pumzi zake zilisikika uani kote.

Dada Yun alirudi mezani. Alishika viti vya watu ili afike. Aliketi mbele ya kuku, akachukua vijiti vyake, akakibana kile kichwa, akakinyonga mpaka kikang'oka kwenye shingo, akakitia kwenye bakuli lake. Akaanza kukila. Alianza na upanga wa utosini, akaja kwenye ngozi ya shavu, bila haraka.

"Dada," Thoa alisema taratibu. Alisogeza bakuli lake mbele, katikati ya meza, watu wote wakiona. "Nipe shingo."

Dada Yun alimkatia shingo.

Mzee Ke aliwatazama, akatazama meza kuu, akakohoa. Hakuna mwingine aliyenyoosha kijiti. Kwenye meza zote watu walikaa mikono mapajani, wakingoja mtu mmoja aseme kitu, na kwenye mabakuli supu ya mbuzi ilikuwa inapoa, inashika utando mweupe wa mafuta kuanzia ukingoni kuja katikati.